Boksi la rivasi la guta: linafaa, ila likague kabla ya kulipa

Injini ya guta, chombo cha magurudumu matatu cha kubeba mizigo, ni injini ya pikipiki, na gia zake nne au tano zote ni za kwenda mbele. Pikipiki ikikwama, dereva hushuka akaivuta. Guta lililobeba simtanki la lita 1,000 lililojaa lina tani nzima ya maji mgongoni, na kwenye vichochoro vya Manzese hakuna wa kulivuta. Ndiyo maana kati ya injini na difu (gia za ekseli ya nyuma) hufungwa boksi dogo la chuma la kulirudisha nyuma, lenye mkono wake wa kubadilishia. Hilo ndilo tunalolipima hapa, lile linalouzwa peke yake kwenye maduka ya spea Kariakoo.

Ndani yake mna pete yenye meno inayoteleza juu ya shafti. Mkono ukiwa mbele, pete huunganisha shafti inayoingia na inayotoka, zikazunguka kama kitu kimoja. Ukivuta rivasi, pete inaachia na nguvu inapitia gia za pembeni. Gia mbili zikiumana, ya pili huzunguka kinyume cha ya kwanza. Ukiongeza moja katikati, mzunguko unageuka tena. Rivasi yote ni hiyo gia moja ya ziada. Meno yake yamenyooka, hayakukatwa mshazari, kwa hiyo guta likirudi nyuma hulia "wiii". Hiyo si dalili ya ubovu. Kelele mbaya ni "kra-kra-kra" mkono unapoingia.

Kelele hiyo mara nyingi hutokana na mikono ya dereva. Boksi hili halina kitu cha kusawazisha mwendo wa gia kabla hazijaumana. Simamisha guta kabisa, weka frii, shika klachi, vuta mkono hadi uusikie umekaa, ndipo uingize namba moja na kuachia klachi taratibu. Mkono ukigoma, meno yamegongana ncha kwa ncha. Sukuma guta kidogo kwa mguu, mkono utaingia. Usiupige teke. Na kwa kuwa boksi limekaa nyuma ya gia za injini, namba mbili na tatu nazo zinakubali kurudi nyuma. Usijaribu: gurudumu la mbele ni moja, na ukikata kona kwa kasi ya kinyumenyume mzigo unalilaza guta.

Lawama yetu kubwa ni kwenye fimbo inayounganisha mkono na boksi. Matundu yake hupanuka upesi, mkono ukabaki na mchezo mkubwa, pete ikaingia nusu tu. Meno yanayoumana nusu hulika kwenye kona yakawa mviringo, na hapo rivasi huanza kuchomoka yenyewe mzigo ukiwa mzito. Mafundi wengi hukimbilia kuuza boksi jipya. Kwanza fungua fimbo, sukuma kwa kidole kile kimkono kilicho juu ya boksi hadi kisikike "ta", kisha rekebisha urefu wa fimbo ufuate hapo na ubane nati yake. Ikiacha kuchomoka, umeokoa hela. Ikiendelea, meno yamekwisha, au springi na gololi ya kushikilia pete imechoka.

Dukani nenda na boksi la zamani. Hesabu meno ya shafti na upime matundu ya flenji (sahani ya kufungia boliti), maana maboksi yanayofanana kwa nje hayafungiki yote. Shika upande mmoja kwa nguvu, zungusha mwingine: mchezo uwe mdogo sana. Weka mbele, zungusha. Weka rivasi, zungusha tena uone upande wa pili unageuka kinyume bila kukwaruza. Shafti ikitikisika juu na chini, beringi ni mbovu hata kama boksi limetoka kwenye nailoni sasa hivi.

Oili yake ni ya gia, namba 90, wala boksi halichangii oili na injini. Wengi hulisahau likafanya kazi kavu. Jaza hadi ianze kudondoka kwenye tundu la kipimo, guta likiwa mahali tambarare, halafu funga. Boksi jipya limwagwe oili baada ya kilomita 500 za mwanzo, maana hutoa unga wa chuma. Ukipita kwenye maji Jangwani wakati wa masika, fungua nati ya chini siku hiyohiyo: oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na beringi zitaota kutu.

Kwa ujumla boksi hili tunalipatia alama nne kati ya tano. Moja tumelinyima kwa sababu ya fimbo. Kwa urahisi wa matengenezo linaishinda bajaji ya abiria, ambayo rivasi yake imo pamoja na gia na difu, ikiharibika unafungua chuma kikubwa. Hapa ni boliti chache tu, na guta linarudi barabarani jioni hiyohiyo.