Boeing 737 MAX: ndege yenye raha ya kupanda, na imani ya abiria isiyorudi kwa urahisi

Abiria anayeipima Boeing 737 MAX kwa vigezo tulivyozoea kuvitumia, yaani kelele, mwanga, nafasi ya mizigo na utulivu wa safari, ataipa alama nzuri bila kusita. Injini zake mbili za LEAP-1B zina kelele ndogo kuliko za 737 za kizazi kilichotangulia, kiasi kwamba aliyekaa mbele ya bawa huweza kuzungumza na jirani yake bila kupaza sauti, na makabati ya juu humeza masanduku ambayo katika ndege za zamani yangeishia chini ya viti. Upana wa viti ni ule ule wa 737 zote, kwa kuwa mwili wa ndege haujapanuka tangu ile ya kwanza iliporuka mwaka 1967, na nafasi ya miguu huamuliwa na shirika lililoinunua, si na kiwanda. Mashirika nayo yanaipenda kwa sababu zao: Boeing iliinadi kwa ahadi ya kupunguza matumizi ya mafuta kwa takriban asilimia 14, na kwa shirika linaloendesha safari za saa 4 hadi 6 akiba hiyo ndiyo faida yenyewe.

Hata hivyo, hakuna anayeizungumzia ndege hii kwa viti vyake. Katika safari ya usiku kutoka Dar es Salaam kwenda Dubai nilikaa pembeni ya mama mmoja wa makamo ambaye, baada ya kuniitikia shikamoo yangu, alichomoa kadi ya maelekezo ya usalama kutoka kwenye mfuko wa kiti, akaigeuza pande zote mbili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, hii si ile iliyoanguka Ethiopia?” Kadi ilikuwa imeandikwa 737-8 tu, na neno MAX halikuwemo popote. Nilimweleza kwamba ndiyo, ni aina ile ile, kwamba ilizuiwa kuruka kwa muda mrefu na kwamba mfumo ulioleta ajali umebadilishwa. Alinisikiliza vizuri, akafunga mkanda, na sikumwona akiuachia hadi tulipotua. Hofu yake ilikuwa na msingi, na tathmini yoyote ya ndege hii inayoanza kwa kuwaambia watu kama yeye kwamba wana wasiwasi wa bure itakuwa imewakosea heshima.

Msingi huo ni historia ya jinsi bidhaa hii ilivyotengenezwa. Mwishoni mwa mwaka 2010 Airbus ilitangaza A320neo, yenye injini mpya zinazotumia mafuta kidogo, na wateja wakaanza kuikimbilia. Badala ya kubuni ndege mpya, Boeing iliamua mwaka 2011 kuifunga injini mpya 737 ile ile ya zamani. Injini hizo zilikuwa kubwa na 737 ina miguu mifupi, hivyo zilisogezwa mbele na kuinuliwa juu kidogo kwenye bawa, na mabadiliko hayo yakaifanya ndege iwe na mwelekeo wa kuinua pua katika hali fulani. Dawa iliyotafutwa ni programu iliyoitwa MCAS, ambayo ilisukuma pua chini bila rubani kuamuru. Programu hiyo ilitegemea taarifa za kihisi kimoja tu kinachopima pembe ambayo upepo unalikuta bawa, ingawa ndege ilikuwa na viwili, na iliweza kurudia kazi yake tena na tena. Marubani hawakuelezwa habari zake kwenye vitabu vyao vya mwongozo. Boeing ilitaka rubani aliyezoea 737 ya zamani aruhusiwe kuiendesha MAX baada ya somo fupi la kwenye kompyuta, pasipo mafunzo ya simuleta, yaani mtambo unaoigiza urushaji wa ndege, ambayo ni ghali, na shirika la Southwest la Marekani lilikuwa limeahidiwa punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege endapo simuleta ingelazimika. Marubani na mashirika waliuziwa mbuzi kwenye gunia, na abiria walikuwa ndani ya gunia hilo pamoja nao.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka katika Bahari ya Java muda mfupi baada ya kuondoka Jakarta, wakafa watu wote 189. Tarehe 10 Machi 2019, saa 2:38 asubuhi, ndege ya Ethiopian Airlines namba ET302 iliruka kutoka uwanja wa Bole, Addis Ababa, kuelekea Nairobi. Dakika 6 baadaye mawasiliano yakakatika, na ikaanguka karibu na Bishoftu ikiwa na watu 157. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Ndiyo maana huku kwetu ajali hii haikuwa habari ya mbali. Uwanja wa Jomo Kenyatta ulijaa watu waliokwenda kupokea wageni wakabaki kusubiri majina, na matanga yaliwekwa katika nyumba ambazo hazikuwa na mwili wa kuzika, kwa sababu ndege iliingia ardhini kwa kasi kubwa mno na utambuzi wa mabaki ulichukua miezi. Familia zilipewa udongo wa mahali pa ajali ili ziwe na kitu cha kuaga. Katika ndege zote mbili kihisi kilitoa taarifa za uongo, MCAS ikaziamini, na marubani wakashindana na mashine ambayo kwa kiasi kikubwa ilikuwa imefichwa.

Mapokeo ya umma baada ya hapo yalifuata njia mbili, na tofauti yake inastahili kutazamwa kwa makini. China ilizuia ndege hizo tarehe 11 Machi, siku moja tu baada ya ajali, na nchi nyingine nyingi zikafuata mfululizo, huku FAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikisisitiza kwamba haikuona sababu ya kufanya hivyo mpaka tarehe 13 Machi. Kwa miaka mingi mamlaka za nchi nyingine zilikuwa zikilichukua neno la FAA kuwa la mwisho. Safari hii dunia haikulisubiri. Njia ya pili ilikuwa kuwatupia lawama marubani wa nchi maskini. Mwezi Mei 2019 mbunge Sam Graves alisema ndani ya Bunge la Marekani kwamba marubani waliofunzwa Marekani wangeweza kuimudu hali ile. Rubani wa ET302, Yared Getachew, ambaye mama yake ni Mkenya, alikuwa na zaidi ya saa 8,000 angani. Ni kweli kwamba ripoti ya mwisho ya Ethiopia ya Desemba 2022 ilipingwa kwa sehemu na wachunguzi wa Marekani na Ufaransa, waliotaka namna marubani walivyoikabili dharura ichambuliwe zaidi, na hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa. Lakini kuanza na rubani kabla ya kumuuliza mtengenezaji kwa nini uhai wa watu 157 ulitundikwa kwenye kihisi kimoja ni kupindua mambo, na wafiwa wa Kenya na Ethiopia waliisikia dharau iliyokuwamo ndani ya maneno yale.

Walijibu kwa vitendo. Baba mmoja Mkenya aliyepoteza mke, watoto watatu na mama mkwe katika ET302 alikwenda Washington mwezi Julai 2019 na kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Familia nyingine kutoka mabara mbalimbali ziliketi katika vikao zikiwa zimeshika picha za watu wao, hata wakuu wa Boeing wakalazimika kuzitazama. Naamini kwa dhati kwamba bila familia hizo marekebisho yangekuwa madogo na ya haraka. Nchini Marekani uzuiaji ulidumu miezi 20, mpaka Novemba 2020, na uliporuhusiwa kwisha MCAS ilikuwa imebadilishwa kwa namna inayoeleweka hata na asiye mhandisi: inalinganisha vihisi viwili na kujizima vinapotofautiana, inafanya kazi mara moja tu kwa tukio, haina nguvu ya kumshinda rubani, na kila rubani anapita kwenye simuleta kabla ya kuishika. Ethiopian Airlines yenyewe iliirudisha angani Februari 2022. Kwa upande huu wa bidhaa natoa alama za kupita, na natoa bila kinyongo.

Sehemu ninayoipa alama za chini ni kiwanda. Tarehe 5 Januari 2024 ndege ya MAX 9 ya Alaska Airlines, ambayo haikuwa imefikisha hata miezi 3 tangu ikabidhiwe, ilikuwa inapanda kutoka Portland pale paneli inayoziba tundu la mlango usiotumika ilipochomoka na kuacha uwazi ubavuni mwa ndege. Shati la kijana aliyekaa karibu lilichanwa na upepo na kuvutwa nje. Viti viwili vilivyopakana na tundu lile havikuwa na mtu, na hiyo ndiyo sababu hatuhesabu wafu. Wachunguzi waligundua kwamba bolti 4 za kuizuia paneli hiyo hazikuwepo. Mwili wa ndege ulikuwa umefika katika kiwanda cha Renton kutoka kwa Spirit AeroSystems ya Wichita ukiwa na ribiti, yaani misumari ya kuunganishia mabati, zenye kasoro karibu na paneli. Paneli ikafunguliwa ili ribiti zirekebishwe, ikarudishwa bila bolti, na hakuna karatasi iliyoonyesha nani aliifungua wala nani aliifunga.

Jambo hili linanitia uchungu kuliko hata hitilafu ya programu. Programu yenye kosa ni uamuzi mbaya uliofanywa na watu fulani kwa wakati fulani, na unaweza kuufuatilia mpaka mezani kwao. Bolti zisizorudishwa, pasipo kumbukumbu, zinaonyesha mahali pa kazi ambapo mstari wa uzalishaji hauruhusiwi kusimama, fundi anaona kasoro na anajua kwamba kuitaja kutamchelewesha, na mkaguzi anasaini ili ndege isogee. Wafanyakazi kadhaa wa Boeing walikwisha kusema hivyo hadharani, na mmoja wao, mhandisi Sam Salehpour, alilieleza Baraza la Seneti mwezi Aprili 2024 kwamba alipozungumzia viungo vya mwili wa 787, ndege nyingine ya Boeing, aliambiwa anyamaze. Boeing ilizikanusha tuhuma zake. FAA ilizuia ndege 171 za MAX 9 kwa ukaguzi, kisha ikaweka kikomo cha ndege 38 za MAX kwa mwezi, kikomo kilichopandishwa hadi 42 mwezi Oktoba 2025.

Abiria wa kawaida alipokea tukio la Alaska kwa namna nyingine na ile ya 2019. Awali watu waliisubiri serikali. Safari hii walianza kuchagua wenyewe. Tovuti ya kutafutia tiketi ya Kayak, ambayo tangu Machi 2019 ilimwezesha mtafutaji kuondoa aina fulani za ndege katika orodha, ilieleza kwamba matumizi ya kichujio hicho kwa MAX yaliongezeka sana mwezi ule. Wataalamu waliwakumbusha watu, na ni kweli, kwamba usafiri wa ndege bado ni salama mno ukilinganishwa na barabara. Lakini takwimu hiyo imetokana na utamaduni wa kutovumilia kasoro ndogo, na abiria anayekataa kuzoea bolti zilizopotea anautetea utamaduni huo huo.

Kuhusu uwajibikaji, sina zuri la kuandika. Boeing ilikubali mwaka 2021 kulipa dola bilioni 2.5 ili kuepuka kushtakiwa kwa kuwadanganya wadhibiti, ikakubali mwaka 2024 kukiri kosa, jaji akayakataa makubaliano hayo, na mwaka 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ikaamua kuiondoa kesi kabisa. Jaji Reed O’Connor aliifuta mwezi Novemba 2025, ingawa aliandika kwamba makubaliano mapya hayatoshi kuhakikisha usalama wa abiria. Dennis Muilenburg, aliyekuwa mkuu wa kampuni wakati wa ajali zote mbili, aliondolewa kazini, lakini hakuna mkubwa yeyote aliyekwenda jela.

Haki inataka niseme pia kwamba Boeing haiko peke yake. Airbus A220 za ATCL, shirika la ndege la Tanzania, zililazwa kwa zamu kuanzia mwaka 2022 kwa sababu ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney, na ratiba zikavurugika. Tofauti ni kwamba hapo kasoro iliziacha ndege ardhini, haikuziangusha.

Je, mtu wa Afrika Mashariki aipande MAX? Mimi naipanda. Naitambua kwa kingo zenye meno kama ya msumeno nyuma ya injini na kwa ncha ya bawa iliyogawanyika juu na chini, na nikiiona sigeuki. Lakini ATCL ilipokea MAX 9 yake ya kwanza Oktoba 2023, na mashirika ya Ghuba yanaileta hapa kwetu, kwa hiyo abiria wa Dar, Zanzibar au Entebbe hawezi tena kuiona kama ndege ya watu wengine. Mashirika hayo yaandike aina ya ndege kwa jina linalojulikana na watu kwenye ukurasa wa kukatia tiketi kabla ya malipo, na yamruhusu abiria kubadili safari bila faini pale ndege inapobadilishwa dakika za mwisho. Nayo TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, na wenzake wa Kenya na Uganda waeleze hadharani wamekagua nini kwa wataalamu wao wenyewe, badala ya kutuambia kwamba Marekani imeridhika.