Manesi wapya tuliotoka jeshini, huu mpango wa kulelewa wodini nawapa nyota nne

Nimesomea uuguzi chuo cha jeshi, nikaja kukaa wiki nane kwenye mpango wa kulea manesi wapya kwenye hospitali moja hapa Mwanza, jina naliacha. Kiukweli umenisaidia sana.

Kitu cha maana pale ni sista mlezi. Unapewa mmoja, zamu zake ndo zamu zako, sio leo huyu kesho yule. Sisi tumezoea vijana wenye afya zao, mtu kateguka mguu, anaharisha, malaria ya kawaida, afu unaingia wodi ya watoto unakuta kitanda hiki sikoseli, kile degedege, yule kaishiwa damu, kanda ya ziwa ndo ilivyo. Siku ya tatu akaja mama kavuka na kivuko kutoka Ukerewe, mtoto kilo 12, malaria kali. Nikapiga hesabu ya atesuneti, sindano ya malaria kali, miligramu 2.4 kwa kilo, ile ya wakubwa. Sista hakunifokea wala hakuninyang'anya sindano, akauliza tu, "Mwanangu, chini ya kilo 20 tunatumia ngapi?" Ni 3 kwa kilo. Kwahiyo kilo 12 ni miligramu 36. Nilitetemeka, nikaichoma yeye akiwa pembeni yangu.

Ingine, jeshini unasubiri amri, huku saa nane usiku wewe ndo umeona mtoto anapumua vibaya na inabidi umwamshe dokta umwambie unataka nini. Sista alinipa mpangilio: kinachotokea, historia, mimi naonaje, naomba nini. Aisee, huo mpangilio chimbuko lake ni jeshi la majini la Marekani, labda ndo maana ulinikaa haraka. Na huko kwao kuna manesi wa jeshi wenye shahada ya juu, wanapima na kuandika dawa wenyewe, lakini hata hao wakitoka chuo naamini wanahitaji mtu kama sista wangu.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya usiku. Wiki ya tano sista anarudishwa mchana, unabaki na mhudumu mmoja na wodi imejaa, hapo nililia jamani. Wamwache hata simu tu, upige akujibu.

Utakayeenda, beba daftari dogo, ukipokea zamu andika kilo za kila mtoto kabla hujagusa dawa yoyote.