Nilinunua vioo vinne, kumbe nilihitaji betri: uzoefu wangu wa kompyuta ya kufanyia biashara ya fedha nyumbani

Nafanya biashara ya fedha za kigeni na dhahabu kwa njia ya mtandao nikiwa nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, tangu mwaka 2021. Vifaa ninavyovieleza hapa nimevitumia karibu kila siku ya soko tangu mwanzoni mwa mwaka 2024. Navyo ni kompyuta ndogo ya mtumba aina ya Dell OptiPlex 7060 Micro, monita mbili za inchi 24, inveta ya wati 1,000 yenye betri ya lithiamu, na ruta mbili za laini tofauti. Sivipimi kwa jicho la fundi anayelinganisha kasi za mashine. Navipima kama mtu ambaye fedha zake ziko sokoni wakati pangaboi linaposimama ghafla na nyumba nzima ikanyamaza.

Naanza na kosa langu, kwa sababu bila hilo uchaguzi wa vifaa hivi hautaeleweka. Mwaka 2022 niliamini kwamba mfanyabiashara wa kweli hujulikana kwa wingi wa vioo mezani, nikaenda Kariakoo kuunganishiwa kompyuta ya mnara mkubwa wenye taa za rangi, kadi ya michoro ya GTX 1660 na monita nne. Ulipendeza mno. Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipofungua ukurasa wa Windows unaoonyesha mzigo wa kila kifaa, huku chati kumi na mbili zikiwa wazi katika MetaTrader 5, programu ninayofanyia biashara, nikakuta kadi ile inatumia asilimia tatu tu ya uwezo wake. Kuchora mishumaa, yaani alama za bei kwenye chati, na mistari ni kazi nyepesi ambayo sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa ya kawaida ya Intel huifanya bila kutoka jasho. Kinachoielemea mashine ni viashiria, yaani hesabu zinazochorwa juu ya chati, vinavyokokotolewa upya kila bei inaposogea, na hiyo ni kazi ya prosesa, pamoja na kurasa za chati zilizofunguliwa kwenye kivinjari, ambazo hula RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Nilikuwa nimelipia injini ya lori kwa ajili ya kubeba kikapu cha mboga.

Gharama kubwa zaidi ilijificha kwenye umeme. Nilinunua mita ndogo ya kuchomeka ukutani ili nipime, ikaonyesha kwamba mnara na monita zake nne hula wastani wa wati 210 hata nisipofanya jambo lolote zito. UPS niliyokuwa nayo, kifaa cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ilikuwa ya VA 650, na ndani yake mlikuwa na betri moja ya volti 12 na amperi-saa 7, yaani wati-saa 84 kwa hesabu ya karatasini. Kwa hesabu hiyo mtu angetarajia dakika zaidi ya ishirini, lakini betri ya asidi ikinyonywa kwa kasi hutoa kidogo sana kuliko ilivyoandikwa, na joto la Dar es Salaam huimaliza mapema, kwa kuwa umri wa betri hizo hupungua takriban kwa nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Yangu, ikiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, ilidumu dakika sita.

Dakika hizo sita zilinifunza kazi hii Ijumaa ya tarehe 3 Novemba 2023, wakati wa mgao wa umeme. Saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu Marekani ilitangaza takwimu zake za ajira, nami nilikuwa nimenunua dhahabu, faida ikiwa imeanza kuonekana, na nimeweka amri ya kusitisha hasara inayoifuata bei inapopanda. Umeme ukakatika, UPS ikaanza kulia, kisha ikazima. Hadi nilipofanikiwa kuingia kwa simu, bei ilikuwa imepanda na kurudi, na amri yangu ilikuwa imebaki palepale nilipoiweka mwanzo. Sikuwa nimefahamu kwamba katika MetaTrader amri ya kawaida ya kusitisha hasara hukaa kwenye seva ya broka, yaani kampuni inayokuunganisha na soko, lakini ile inayofuata bei husogezwa na programu iliyo kwenye kompyuta yako mwenyewe. Mashine ikizimika, nayo husimama. Roboti wa biashara, yaani programu inayonunua na kuuza yenyewe, ni hivyo hivyo. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa kifaa chochote ni wati ngapi kinakula.

Kompyuta ndogo niliyoichagua ina prosesa ya i5-8500T yenye kori sita (sehemu za kukokotoa), iliyoundwa kwa kiwango cha joto cha wati 35. Mita yangu huonyesha takriban wati 22 katika siku ya kawaida, na kila monita hula wati 18. Niliilipia shilingi 520,000 ikiwa na RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256, kisha nikaongeza kipande kingine cha RAM na kufikisha GB 16, kiasi ambacho hakijawahi kunipungukia hata nikifungua MetaTrader mbili za mabroka tofauti pamoja na kurasa ishirini za kivinjari. Zaidi ya hapo, kwa kazi hii, naona ni kununua sifa.

Anayeingia dukani leo azingatie kizazi cha prosesa kuliko kitu kingine chochote. Mashine za kizazi cha sita na cha saba bado zimejaa madukani kwa bei ya kuvutia, na kwa nje zinafanana sana na hii, lakini haziko kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kizazi cha nane, ambacho ndicho cha prosesa yangu, ndicho cha kwanza cha Intel kinachokubaliwa kwa upana. Kuacha mashine unayoingilia akaunti ya fedha bila masasisho ya usalama ili uokoe shilingi 150,000 ni hesabu ambayo mimi siielewi.

Muuzaji wangu, ambaye sina haja ya kumtaja, alinipa adapta ya umeme isiyo ya asili. Kompyuta ikawaka, ikatoa onyo kwamba haiitambui adapta, nami nikabonyeza kitufe na kuendelea. Kwa siku nne nilidhani nimeuziwa mashine mbovu, kwani chati zilikuwa zikijikokota na kivinjari kilichukua nusu dakika kufunguka. Kumbe mashine za aina hii zisipoitambua adapta hupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi ili zisivute umeme mwingi kuliko zinavyoamini kupata. Nilipopata adapta ya asili ya wati 90, mzee mzima akaanza kukimbia. Jambo la pili lilikuwa kebo. Kompyuta ina matundu mawili ya DisplayPort, na kebo nyingi zinazouzwa kwa kuunganisha DisplayPort na HDMI hupitisha picha upande mmoja tu, kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita. Mimi nilibeba ile ya kinyume chake, inayofanana nayo kabisa, nikatumia jioni nzima kuilaumu monita isiyo na hatia.

Sehemu ninayoisifu bila kusita ni inveta na betri. Betri ni ya lithiamu ya volti 12.8 na amperi-saa 100, sawa na wati-saa 1,280. Kompyuta, monita mbili na ruta kwa pamoja hula takriban wati 70, na ukijumlisha kile ambacho inveta yenyewe hupoteza, unafika kama wati 85. Nilipoijaribu kwa kuchomoa waya wa ukutani asubuhi, mfumo ulikaa hadi usiku, yaani muda wa saa kumi na mbili na dakika kadhaa. Umeme unapokatika, inveta huchukua mzigo kwa haraka kiasi kwamba kompyuta haijawahi kuzimika hata mara moja, na mara nyingi mimi hugundua kwa sababu ya kimya cha jokofu tu. Bei yake iliniuma, kwa kuwa betri peke yake ilinigharimu shilingi 950,000, zaidi ya kompyuta na RAM yake kwa pamoja. Mgao wenyewe ulipungua sana baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Mwalimu Nyerere kuanza kuzalisha umeme Februari 2024, na shemeji yangu hunitania kwamba nilinunua mwavuli mvua ikiwa inaisha. Hata hivyo kukatika kwa saa moja au mbili hakujatoweka mtaani kwetu, nami kwa upande wa matumizi naokoa takriban wati 150 kwa saa kumi za kila siku ya soko, yaani uniti 33 kwa mwezi. Kwa bei ninayolipia Luku, hizo ni karibu shilingi 11,700.

Kuhusu intaneti, nilidhani ruta mbili za kampuni mbili zimemaliza tatizo, hadi Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za mkongo wa baharini zilipokatika na sehemu kubwa ya nchi ikakosa mtandao. Soko lilipofunguka, laini zote mbili zilikuwa zikitambaa, kwa sababu makampuni mawili tofauti yanaweza kutegemea bahari ileile. Baada ya hapo nilihamishia roboti wangu kwenye seva ya kukodi iliyoko London, ambako mabroka wengi wameweka mitambo yao. Kutoka nyumbani, MetaTrader hunionyesha kwamba ujumbe huchukua milisekunde 160 hadi 180 kwenda kwenye seva ya broka na kurudi. Kutoka kwenye seva ya kukodi ni mbili. Tofauti hiyo hakuna kompyuta ya mezani inayoweza kuifuta. Dar es Salaam na London zimetengana kwa takriban kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 75 hata mkongo ungelazwa moja kwa moja kukatiza jangwani. Anayeuza mashine ya bei kubwa kwa madai kwamba itaharakisha oda zako anauza maneno.

Monita mbili zinanitosha. Moja hubeba chati ninayoifanyia kazi, nyingine nimeisimamisha wima kwa ajili ya orodha ya bei na kalenda ya habari, na tangu nilipopunguza kutoka nne nimeacha kufungua biashara kwa sababu tu jicho limeangukia chati ambayo sikuwa nimepanga kuitazama.

Kasoro hazikosekani. Nikitafuta mipangilio bora ya roboti kwa kuijaribu mingi kwa data za miaka mitano, MetaTrader 5 huziajiri kori zote sita, na feni ya kompyuta hii hulia kama nyuki ndani ya kopo. Mnara wa zamani ulifanya kazi hiyo kimya zaidi na kuimaliza mapema. Tundu la tatu la picha, ambalo hutofautiana kutoka mashine moja hadi nyingine, kwangu lilikuja likiwa VGA, hivyo monita ya tatu ingenipa maandishi yenye ukungu. Mnara ule nilimwuzia kijana wa mtaa wa pili anayehariri video za harusi, akaniambia kadi ya michoro sasa inafika asilimia tisini.