Uzoefu wangu na Uher 4000 Report, kinasa sauti cha rili, katika utafiti wa viwanja vya ndege vya zamani vya Lindi na Nachingwea

Nianze na hukumu, kwa kuwa wengi wanaoniuliza kuhusu mashine hii wanataka jibu moja tu: inunuliwe au isinunuliwe? Ikiwa nia yako ni kurekodi mambo mapya, fedha yako itakufaa zaidi ukinunua kinasa sauti cha kisasa chenye kadi ya kumbukumbu. Ikiwa unazo, au unajua mahali zilipo, kanda za rili (kanda za sumaku zilizozungushwa kwenye gurudumu, si kaseti) zilizorekodiwa miaka ya sitini na sabini, basi kwa bei yake sijaona chombo kingine kinachoweza kukusomea kanda hizo ukiwa sebuleni kwa mwenye nazo, bila umeme wa ukutani na bila kulazimika kuzisafirisha hadi Dar es Salaam.

Mimi ni mkazi wa Mtwara, na kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya kumbukumbu za viwanja vya ndege vilivyotumika kusini mwa nchi yetu nyakati za vita. Mtu akisikia uwanja wa ndege hufikiria lami, mnara na uzio, lakini ule ninaoupenda kuliko vyote hauna hata jiwe moja, kwa sababu ni maji ya Ghuba ya Lindi. Mwaka 1937 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipoanza kupeleka ndege zake za majini hadi Durban, Lindi ilikuwa kituo kimojawapo kati ya Dar es Salaam na Msumbiji. Juni 1940 Italia ilipoingia vitani na njia ya Mediterania ikafungwa, BOAC, shirika lililorithi kazi hiyo, liliunganisha Durban na Sydney kwa njia iliyopanda pwani yetu, ikakata kwenda Kisumu, ikafuata Nile hadi Cairo, kisha ikageukia mashariki kupitia India na Singapore. Kwenye ramani ilionekana kama kiatu cha farasi na ndivyo ilivyoitwa. Ndege zenyewe, za aina ya Short Empire, zilikuwa na injini nne na urefu wa karibu mita 27, na zilitua mahali ambapo leo vijana huvua kwa mitumbwi. Singapore ilipoanguka Februari 1942, njia hiyo ilikatika upande wa mashariki, lakini upande wa Afrika uliendelea kufanya kazi.

Nachingwea ni habari ya vita vingine. Mji ule ulikuzwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ukiwa umeleta bandari ya Mtwara na reli ambayo baadaye iling'olewa. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, haikuchukua muda mrefu Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama kilichopigania ukombozi huo, na ni hapo ambapo kiongozi wake Samora Machel alianza safari yake ya Mei 1975 kuelekea Maputo, wiki chache kabla ya uhuru wa tarehe 25 Juni. Wazee wa maeneo hayo wanakumbuka mengi, na baadhi ya waliokumbuka zaidi wamekwisha kufariki. Sauti zao, pale zilipobahatika kunaswa, zimo katika kanda, na hapo ndipo mashine ninayoieleza inapoingia.

Uher 4000 Report ilitoka mwaka 1961 katika kiwanda cha Uher mjini Munich, Ujerumani, na matoleo yake mbalimbali yaliendelea kutengenezwa kwa miaka mingi. Waandishi wa habari wa redio duniani kote waliitumia, kwa sababu ilikuwa na uzito wa takriban kilo tatu bila betri, ilining'inia begani ndani ya mfuko wake wa ngozi, na ilitumia betri tano kubwa za tochi, zile zile zinazouzwa katika kila duka la mtaani hapa kwetu. Ili uone hatua hiyo ilikuwa na maana gani, kumbuka kwamba Septemba 1943, Wynford Vaughan-Thomas wa BBC alipopanda ndege ya kivita aina ya Lancaster kwenda kuripoti shambulio la Berlin, alilazimika kuongozana na fundi wa sauti, Reg Pidsley, na mashine ya kuchonga santuri ndani ya ndege iliyokuwa ikitikiswa na mizinga. Wakati huo huo Wajerumani walikwisha kuwa na kanda ya sumaku, kwani kampuni ya AEG ilionyesha kinasa sauti chake cha kanda, Magnetophon, Berlin tangu mwaka 1935. Wamarekani waliijua vizuri baada ya vita, pale John Mullin wa jeshi la Marekani alipopeleka mashine mbili nyumbani kwao. Napenda kuikumbuka historia hiyo kila ninapozifungua kufuli za mfuko, ingawa nakiri kwamba mapenzi hayo hayamsaidii mnunuzi chochote.

Mashine yangu niliiagiza kwa muuzaji wa mitumba wa ng'ambo aliyeitangaza kuwa iko katika hali nzuri na imejaribiwa. Ilipofika, chumba cha betri kilikuwa kimeliwa na kutu ya kijani, ishara ya betri zilizoachwa zikavuja kwa miaka, na mikanda ya mpira inayozungusha rili ilikuwa imeyeyuka na kuwa kama lami laini inayonata vidoleni. Sijui aliijaribu vipi. Nilipomwandikia alinirudishia sehemu ndogo ya fedha, akanyamaza. Kwa hiyo bei unayoiona kwenye tangazo usiichukulie kuwa ndiyo bei. Ongeza usafirishaji, ushuru, mikanda mipya ambayo bado inapatikana kwa wauzaji wa vipuri wa Ulaya, na ujira wa fundi.

Fundi nilimpata hapa hapa Mtwara, mtu mzima aliyeanza kutengeneza redio za mbao enzi za ujana wake. Alikisugua chumba cha betri kwa siki na mswaki, akachomelea waya mpya, akabadilisha kapasita zilizochoka, kisha akaiweka kanda ya majaribio na kuisikiliza akiwa amefumba macho. "Mwanangu," aliniambia, "hii haina ugonjwa, ilikuwa na njaa tu." Alinitoza kiasi ambacho niliona aibu kukilipa bila kuongeza.

Ikishapona, ni mashine ya kupendeza kuitumia. Vibonyezo vyake vimepangwa mbele kama vya kinanda na vinalia tak kwa uzito unaoonyesha kwamba chini yake kuna chuma. Kitufe cha kuchagua kasi ndicho pia kinachowasha na kuzima. Kuna kasi nne, yaani sentimita 19, 9.5, 4.7 na 2.4 kwa sekunde, na mshale wa kipimo cha sauti hutumika pia kukueleza hali ya betri. Rili yake ni ya sentimita 13. Kanda ndefu ya mita 270 ikichezwa kwa kasi ya 9.5, ambayo ndiyo ninayokutana nayo zaidi katika kanda za mazungumzo, hukupa dakika kama 47 kwa kila upande.

Kanda iliyonifanya niithamini mashine hii ilikuwa Lindi mjini, katika kabati la familia moja ambayo marehemu babu yao alikuwa na desturi ya kuwarekodi wazee wenzake. Nilipofika, bibi mwenye nyumba alinipokea kwa heshima zote. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, karibu, hizo kanda zako hizo, panya hawajazigusa." Zilikuwa katika bati la biskuti. Kabla ya kugusa mashine nilifanya mambo mawili ambayo namsihi kila mtu ayafanye. Kwanza, nilinusa bati lenyewe, kwa sababu kanda za zamani za asetati, aina moja ya plastiki, zikianza kuoza hutoa harufu kali ya siki, na ukiichezesha kanda ya namna hiyo ovyo itakatika. Pili, niliinua kila rili kuelekea dirishani: kanda ya asetati iliyozungushwa hupitisha mwanga, ilhali ya poliesta, plastiki ya aina nyingine, huuzuia. Zote zilizuia mwanga isipokuwa moja, na hiyo niliiweka kando kwa ajili ya watu wenye maabara.

Nilisafisha hedi, yaani kichwa kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti, nikapitisha kanda, nikabonyeza. Kwanza ulitoka mvumo, kisha jogoo, kisha sauti ya mzee akikohoa na kuuliza kama "kidude kimewaka". Alieleza jinsi ndege ilivyokuwa ikitua ghubani alipokuwa kijana: mitumbwi ikiamriwa kukaa pembeni, mkia wa povu ukifuata nyuma, na mawimbi yakija kuzipiga ngalawa zilizofungwa ufukweni muda mrefu baada ya ndege kusimama. Alisema walipokuwa watoto walishindana kusema ndege imetokea upande gani kabla haijaonekana, kwa kusikiliza tu. Bibi aliyekuwa ameketi mkekani alicheka, akamtaja mzee yule kwa jina lake la utani. Sauti ilikuwa safi kiasi cha kusikia kikombe kikiwekwa sahanini. Niliunganisha mashine na kompyuta mpakato kupitia kadi ya sauti ya nje, nikanakili kwa ubora wa kilohezi 96 na biti 24, ambao mashirika ya hifadhi za sauti huupendekeza, na familia ikabaki na nakala yao kabla sijaondoka.

Kurekodi mambo mapya kwa mashine hii ni jambo jingine kabisa. Niliibeba hadi karibu na uwanja wa ndege wa Kikwetu, Lindi, msimu wa kusi, nikiwa nimekwisha kuomba ruhusa, maana viwanja vya ndege si mahali pa kuzurura na maikrofoni bila wahusika kujua, na Nachingwea ndiyo zaidi, kwa kuwa jeshi lipo. Upepo uligonga maikrofoni hadi mshale ukalala kwenye alama nyekundu; sponji nene ilipunguza, haikuondoa. Mngurumo wa ndege ndogo iliyopaa ulitoka vizuri, wenye kifua, lakini kinasa changu kidogo cha kidijitali kilichokuwa mfukoni kilipata sauti ile ile bila mvumo wa kanda na bila mimi kuhangaika kutafuta rili mpya, ambazo leo hutengenezwa na viwanda vichache na bei yake si ya kawaida. Kuna watu watakaokwambia kwamba kanda ina joto ambalo dijitali haina. Huenda ni kweli kwa muziki. Kwa mzee anayesimulia habari za mwaka 1942 mimi nataka maneno yake yasikike, basi.

Kuna mipaka mingine ambayo tangazo la muuzaji halitaitaja. Toleo la 4000 husoma nusu ya upana wa kanda kwa mara moja. Kanda nyingi zilizorekodiwa majumbani kwa mashine za njia nne, yaani zinazogawa upana wa kanda katika mistari minne ya sauti, ukizichezesha humo utasikia watu wawili kwa pamoja, mmoja akisema sawasawa na mwingine akisema kinyumenyume, kwa sababu hedi inasoma pande mbili kwa wakati mmoja. Niliwahi kuhangaika na kanda ya harusi ya namna hiyo, taarabu ikienda mbele na hotuba ya mjomba ikirudi nyuma. Kwa kanda hizo unahitaji ndugu yake, Uher 4400, yenye njia nne. Kanda za studio zilizorekodiwa kwa kasi ya sentimita 38 haziwezi kuchezwa kwa kasi yake. Unaweza kuzichezesha kwa 19 na kuongeza kasi maradufu ndani ya kompyuta, ingawa uwiano wa besi na sauti nyembamba hautakuwa sahihi na itabidi urekebishe kwa sikio. Tena, rili za kanda hazina kile kipande cha plastiki unachokivunja kwenye kaseti ili kuzuia kufuta, kwa hiyo kibonyezo chekundu cha kurekodia mimi nimekibandikia utepe wa karatasi wenye gundi, nisije nikafuta sauti ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Hali ya hewa yetu nayo ni adui. Unyevu wa pwani huharibu gundi inayoshika unga wa sumaku, hasa katika baadhi ya kanda za Marekani za miaka ya sabini na themanini, ambazo huanza kunata na kupiga kelele zinapopita kwenye hedi. Ukisikia mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta, simamisha mara moja, usilazimishe. Mashine yenyewe naiweka ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na betri huzitoa kila nimalizapo kazi.

Kwa ujumla naipa nyota nne kama mashine ya kusomea kanda na mbili kama mashine ya kurekodia. Mwenye kanda zinazohusu viwanja hivi, iwe ni ghuba ya Lindi, Nachingwea au Mtwara, ajue kwamba rili za sentimita 18 hazitoshei kwenye mashine hii. Itabidi kwanza zihamishiwe kwenye rili ndogo, kazi ambayo naifanya kwa mkono, polepole, mchana, feni ikiwa imezimwa.