OpenSSL 1.1.1 au 3.0: leseni ipi inakubana unaposambaza programu?

OpenSSL ni maktaba ya usimbaji fiche inayotumiwa ndani ya programu nyingine. Toleo la 1.1.1 lina leseni mbili, ya OpenSSL na ya SSLeay (maktaba iliyoitangulia), na lazima ufuate zote. Tangazo lako likitaja vipengele vya maktaba hiyo, sharti liwataje na waandishi wake. Hapo ndipo leseni hizo zinapogongana na GPL, leseni maarufu ya programu huria: kila mwenye hakimiliki ya mradi ulio chini ya GPL inabidi atoe ruhusa ya ziada kwa maandishi. Mmoja asipopatikana, umekwama. Kuhusu hataza (haki ya kisheria juu ya uvumbuzi), leseni hizo mbili hazisemi lolote.

Toleo la 3.0, la Septemba 2021, linatumia leseni ya Apache 2.0. Kifungu cha 3 kinakupa ruhusa ya hataza kutoka kwa kila mchangiaji; ukishtaki kwamba msimbo huo unavunja hataza yako, ruhusa inakatika siku unayofungua kesi. Lakini hakikukingi na mwenye hataza ambaye hakuchangia, na wengi husahau hilo. GPL 3 inapatana na Apache 2.0, lakini mradi unaoruhusu GPL 2 tu, bila matoleo ya baadaye, haupatani nayo. Kwa hiyo soma vichwa vya faili zako ukitafuta maneno “or any later version” (au toleo lolote la baadaye).

Sisi tungechukua 3.0: msaada wa bure wa 1.1.1 ulikoma Septemba 2023. Usisahau kuweka LICENSE.txt ndani ya kifurushi.