Damlaina ya bwawa la shamba: ya kwanza ilinilia pesa, ya pili bado iko

Nimeona watu wengi wanaulizia hii karatasi nzito nyeusi ya kutandika kwa bwawa, ile mafundi wa huku wanaita damlaina, ati inasaidia kweli ama ni pesa ya kutupa shimoni. Wacha niseme venye ilinitendea mimi, juu nimeinunua mara mbili na mara ya kwanza nililia.

Niko upande wa Kathonzweni, Makueni. Kama unajua huku kwetu basi unajua mvua ya kutegemea ni ile ya Oktoba mpaka Disemba, hii ya Machi ni ya bahati tu, ikikuja vizuri shukuru. Sasa ile ya mwisho wa 2020 ikakataa, ya Machi 2021 ikakataa, Septemba hio Rais Uhuru akatangaza ukame ni janga la kitaifa na kumbe bado hata hatukuwa tumefika nusu, ilikataa misimu mitano mfululizo mpaka mwisho wa 2022. Ndengu ilikuwa inaota, inafika kwa goti, inatoa maua, alafu inakauka na hayo maua. Mtungi wa maji ulitoka shilingi 10 ukaenda 20, kuna wiki zingine ulikuwa 30 na unaletewa maji ya rangi ya chai. Mtoni watu walikuwa wanachimba mchanga mpaka mtu anazama kichwa kisionekane ndio apate kikombe moja. Susu yetu, nyanya mzaa baba, alikuwa anakaa tu pale mlangoni anasema hii imeshinda Nikw'a Ngwete, ile yua, yaani njaa ya ukame, ya miaka ya 80 ambayo watu walikuwa na pesa mkononi na chakula cha kununua hakuna. Ukisikia susu analinganisha na hio yua mambo yameharibika.

Agosti 2021 ndio tulichimba bwawa. Sikulipa trekta, nilitumia mwethya, ile kazi ya majirani kusaidiana, watu 14 na jembe na sururu, siku sita, nikapika isyo, mahindi na maharagwe, ya mwisho iliyobaki kwa stoo na nikachinja mbuzi moja ambayo hata hivo ilikuwa inaelekea kufa. Juu ni mita 12 kwa 8, chini linaishia mita 8 kwa 4, urefu wa kwenda chini mita 2. Likijaa ni kama lita laki moja na elfu ishirini. Ukisikia hio namba unajiona tajiri sindio, ngoja kwanza.

Damlaina ya kwanza nilinunua kwa duka moja sitalitaja, mjini. Jamaa akaniambia hii ni nusu milimita, imewekwa dawa ya jua, inakaa miaka kumi, mita ya mraba shilingi 140. Nilikuwa nahitaji mita 184, sio 96, na hapa wengi wanakosea, unahesabu kuta zinazoshuka na ile mita moja ya kufukia kingo kila upande, sio ukubwa wa mdomo wa bwawa peke yake. Nikalipa kama elfu 25 na ushee. Alafu nikaibeba kwa boda, moja tu, mimi nimekaa nyuma na karatasi iko katikati yetu. Kama ningekuwa na akili ningeshtuka hapo hapo. Kwani karatasi ya mita 184 yenye nusu milimita inabebwa na boda na abiria juu?

Hio ndio kitu ya maana sana kwa haya yote kwa hivo naieleza pole pole. Hii plastiki ikiwa ni unene wa nusu milimita kamili, mita moja ya mraba inakaribia nusu kilo, hivi gramu 470. Kwa hivo mita 184 lazima ikaribie kilo 86. Ikiwa ni 0.3 inakuwa kilo 50 na kitu. Unene wa karatasi huwezi ona kwa macho na yule wa duka hatakuonyesha kipimo, lakini mizani haidanganywi na kila soko huku iko na mizani ya kupima magunia ya ndengu. Pima kabla ulipe. Mimi nilikuja kupima ile yangu ikiwa imeshararuka, nikaifunga funga nikaipeleka kwa mizani ya mama mmoja anayenunua ndengu, ikasoma 51. Mama akaniangalia akasema, "Kijana wangu, umeuziwa karatasi ya kufunika nyanya."

Iliraruka vipi? Hapa pia kuna somo. Mvua ya Novemba 2021 ilinyesha mara mbili za maana, bwawa likafika kama nusu, tukafurahi, Februari maji yakaisha. Alafu likakaa tupu miezi na miezi. Na hii bidhaa inauzwa kama dawa ya ukame lakini adui yake mkubwa ni huo huo ukame, juu bwawa likiwa na maji, maji yanaikandamiza na kuikinga, likiwa tupu jua linapiga karatasi moja kwa moja kutoka asubuhi na upepo wa mchana unaiinua inapiga piga kama bendera. Mpaka Julai ilikuwa inalia kavu kavu ukiikanyaga, ukiikunja inavunjika kama karatasi ya biskuti. Yale maungio yalikuwa yameshikwa na gundi, sio kuchomelewa, yakaachana yenyewe. Nilirudi dukani na risiti, nikaambiwa garantii haishughulikii bwawa likikaa bila maji. Bwawa. Bila maji. Makueni. Bas nikarudi nyumbani.

Ya pili nilinunua Septemba 2022 kwa mtu mwingine, na hii ndio naipa alama nzuri. Shilingi 210 kwa mita, jumla elfu 38 na mia sita, na fundi wa kuchomelea na mashine ya hewa moto elfu 8. Hela ilitoka kwa ng'ombe wawili niliouza mapema wakiwa bado wana nyama, jirani aliyengoja bei ipande aliishia kuuza ngozi. Mzigo ulipimwa mbele yangu, kilo 87, wanaume wawili wakaubeba wakipumzika njiani. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, nilimuuliza, "Fundi, hapa kwa kiungo nikijua aje imeshika?" akachukua bisibisi nyembamba akaipitisha polepole kwa ule mstari wote wa mshono huku anasukuma, mahali bisibisi inaingia anachora na chaki anarudia. Alipata tatu. Usimlipe fundi kabla bisibisi haijapita, hata akiwa shemeji yako.

Chini ya karatasi tulitoa kila jiwe na kila mzizi kwa mkono, alafu tukapaka udongo laini uliokanyagwa na maji, na kwa pembe tukaweka magunia ya zamani. Mchwa sijawaona wakiitoboa lakini panya ndio, walitafuna kwa kingo mahali sikufukia vizuri. Kwa hivo ule mtaro wa kufukia kingo uende chini vizuri, wangu wa sasa ni futi moja na nusu, usichimbe kama unapanda maharagwe.

Sasa maji yenyewe. Damlaina haileti maji, na hapa wauzaji wanakaa kimya sana. Maji yangu yanatoka kwa barabara ya murram iliyo juu ya shamba, nimekata mfereji ukapita kwa shimo mbili ndogo za kutega matope kabla iingie. Mvua moja ya milimita 40 kwa eneo la ekari moja ni zaidi ya lita laki moja na nusu, nyingi inazama kwa udongo, lakini hata ukishika robo tu ni lita elfu 40, theluthi moja ya bwawa kwa mchana mmoja. Novemba 2022, msimu ambao redioni walisema umefeli, na ulifeli kweli, sikuvuna gunia hata moja la mahindi, ilinyesha mvua kubwa mbili za saa moja moja na nikashika maji ya kufika kiuno na zaidi. Mvua ikinyesha vibaya namna hio shamba la kawaida halipati kitu, inakimbia yote na udongo, lakini bwawa linaipenda. Kama kwako hakuna mahali maji yanakimbilia wakati wa mvua usinunue hii kitu, nunua tenki uweke kwa mabati.

Na kukauka je. Nilisimamisha fito ndefu yenye alama za sentimita ndani, mama ndiye anasoma kila asubuhi akienda kwa kuku. Wiki za Januari na Februari bila mtu kuteka hata tone maji yalikuwa yanashuka sentimita 4 kwa wiki. Unaona kidogo? Bwawa likiwa limejaa hio ni karibu lita 3,800, mitungi 190, inaenda juu na jua wewe ukiangalia. Kwa bei ya mtungi ya wakati huo ni kama shilingi 3,800 kila wiki zinapaa. Nikanunua neti ya kivuli ile ya kitalu nikaifunga juu na waya, ikapunguza, fito ikawa inasoma 2 na nusu hivi, lakini neti yenyewe inalegea katikati na kuku wa jirani alilala humo. Muuzaji wa damlaina ambaye hakwambii kuhusu kivuli anakuuzia nusu ya kitu.

Watu wanauliza inamwagilia ekari ngapi. Sahau ekari. Mimi natumia robo ekari ya ndengu, ile ya siku 60 na kitu, naipa maji mara tatu tu, moja ikiota na mbili ikianza maua na kushika maganda, kila mara lita kama elfu 20, hapo nusu ya bwawa imeenda. Maji yanayobaki yanaenda kwa magunia 12 ya udongo niliyopanda sukuma wiki pale nyuma ya jikoni, kitalu cha miche ya papai, na mbuzi. Mbuzi akipata lita 4 au 5 kwa siku ameridhika, ng'ombe kwa joto hilo anamaliza mitungi miwili, na ndio maana sijarudisha ng'ombe. Machi 2023 sukuma yangu ndio ilikuwa mboga ya kijani peke yake kwa ule upande wetu, nilikuwa nauza kwa watu waliotoka kupanga laini ya mwolyo, chakula cha msaada, na hapo nisiwadanganye, nilisikia aibu kidogo, nikawa napunguzia wenye watoto wadogo.

Mwisho wa 2023 El Niño ikaja ikaleta kila kitu kwa siku kumi. Mimi nilikuwa nimewaza tu juu ya kukosa maji, sikuwaza juu ya maji kuzidi, sikuwa nimetengeneza njia ya kutokea. Yalipita juu ya ukingo wa chini yakala udongo nyuma ya karatasi, upande mmoja ukabonyea ndani. Kuirekebisha ilinigharimu elfu 6 na kiraka cha mita nne. Tengeneza njia ya kumwagika siku ile ile unachimba, uweke mawe.

Kitu kingine na hiki sio cha mzaha, ile plastiki ikilowa inateleza kama sabuni na kuta zinashuka. Mtu mzima akiingia hatoki bila kamba. Mtoto wa mbuzi aliingia saa moja jioni, nikamsikia, nilivyoshuka kumtoa nikajikuta na mimi nakwaruza tu, mke wangu ndiye alinirushia kamba ya ng'ombe. Usiku huo huo nilifunga kamba mbili zenye mafundo na tairi kuu kuu kila upande, na asubuhi tukazungusha miiba. Ukiwa na watoto weka ua kabla ya maji, sio baada. Mbu nao wanakuja, mimi niliweka samaki wadogo, mbu wakapungua, na korongo mmoja akahamia.

Kwa hivo alama, ile ya kwanza sifuri, ya pili naipa nane kwa kumi, moja nimekata juu ya bei na nyingine juu hakuna aliyenitajia kivuli. Kwa msimu mbaya bila maji ya kukimbia popote nane hio inashuka mpaka tatu.

Kile kiraka cha mita nne sai kimeanza kuinuka pembeni, fundi ameniambia atapita Jumamosi na bisibisi yake. Maji leo asubuhi mama amesoma sentimita 112.