Dema lenye mwanya, kwa jicho la mama karanga

Mimi sitegi, nakaanga samaki na kuuza; ndio maana tunaitwa mama karanga. Lakini mume wangu ametumia dema hili, mtego wa samaki wa kusukwa kwa fito, tangu kusi ya mwaka jana, na linachonasa ndicho kinachoingia karaini mwangu, kwa hivyo nina haki ya kulisema.

Umbo ni lile lile la madema yetu ya pwani ya Kenya, ila pembe mbili za nyuma zimeachwa mwanya wa wima, upana sentimita 3. Nilitia vidole viwili, vikapita pamoja. Hapo ndipo wanapotokea samaki wadogo: tafi wachanga, na kitatange ambaye hata hana mnunuzi. Limesukwa vizuri, fito hazijalegea.

Miezi ya kwanza mume wangu alirudi na kapu jepesi, akanuna. Kufika kaskazi, tafi walikuwa wakizidi kiganja, na bei ya kilo ikapanda. Baharini, basi, sina neno.

Sasa ufukweni. Tafi mkubwa huchukuliwa na tajiri mwenye friza, akaenda Mombasa. Biashara yangu mimi ni wale wadogo: asubuhi nawachukua kwa mali kauli, nawatia chumvi na ndimu, jioni nawauza shilingi 20 au 30 kwa watoto na vibarua wasiomudu nusu kilo. Hao ndio waliofunguliwa mlango. Mamangu alipitia hayo hayo juya, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni, lilipopigwa marufuku 2001.

Kilichoniuma ni kwamba waliotuletea dema walikaa na wavuvi vikao vitatu chini ya mkwaju, na sisi wenye makarai hatukuitwa hata kimoja. Na kanuni za BMU, vile vikundi vya kusimamia ufuo, tangu 2007 zimetutambua wachuuzi pia! Kikao cha nne tulijiendea wenyewe. Tukaomba kila mtegaji, kabla ya mzani wa tajiri, aache kilo mbili kwa mama karanga kwa bei ya zamani. Sita wamekubali, na mume wangu alikuwa wa kwanza. Tafi mmoja sasa namkata vipande vitatu. Mkia nauza 20, na mtoto aliyezoea kupata samaki mzima bado ananiuliza kichwa kiko wapi.

Nyota 3 kati ya 5. Ya nne nitaiongeza wategaji waliobaki wakiziacha zile kilo mbili.